Nta ya Mgeni

Siku hizi nikialikwa kwenye mikutano ambako watu waliovaa tai husimama na kusema "utafiti umeonyesha", mkono wangu huwasha. Hutaka kuchukua kilicho mezani, chochote kile, na kukigeuza nione upande wake wa chini. Nimewahi kugeuza sahani ya biskuti mbele ya waziri. Wenzangu wamenizoea, wanadhani natafuta jina la kiwanda.

Tabia hiyo niliipata Tabora, Mwingereza bado akitutawala, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa na suruali moja ya heshima, miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji sana, na imani kwamba matatizo yote ya Unyamwezi yalikuwa yamekaa kando ya njia yakimngoja mtu mwenye miwani.

Tatizo la mwaka ule lilikuwa nta. Kwetu watu hurina asali msituni tangu zamani za misafara ya pembe, na pengine kabla yake. Asali huliwa, nyingine hutengenezwa pombe ya wanzuki, na masega yanayobaki huchemshwa na kukamuliwa hadi itoke nta. Nta ile ilipanda treni kwenda Dar es Salaam, ikapanda meli kwenda Ulaya, na huko, tuliambiwa, ikawa mishumaa, dawa ya viatu na mafuta ya kina mama kujipaka usoni. Kwa miaka mingi kila mrina asali aliuza peke yake kwa mwenye duka, naye mwenye duka alitaja bei akiangalia pembeni. Ndipo mjomba wangu, seremala wa Gongoni, Mmoravia wa kuimba sauti ya nne, alipozunguka vijijini akawashawishi watu waache maduka. Wakusanye nta yao ghala moja, wauze kwa sauti moja. Aliwaahidi kwamba nta ya Tabora ni ya daraja la kwanza na italipwa hivyo. Walimwamini. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi.

Maana nilipofika likizo nilimkuta amekonda. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamepeleka habari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kwamba wataalamu wao wameipima nta ya Tabora wakaiona chafu, yenye harufu ya moshi. Tangu msimu ule nta yote ya Tabora ingenunuliwa kama ya daraja la pili. Mwakilishi wao alikuwa anakuja kwa treni kuzungumza, na mkutano ungefanyika bomani.

"Daraja la pili maana yake nini hasa?" nilimwuliza mjomba.

"Maana yake nimewadanganya watu," alisema. Alikuwa anapiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini. "Watarudi madukani mmoja mmoja, na mimi nitahamia Mpanda nikatengeneze majeneza."

"Si mna midomo? Mkaseme nta ni safi."

"Ndiyo shida yenyewe. Wao wana karatasi ya mtaalamu, sisi tuna midomo. Bwana Shauri ameniambia waziwazi, lete ushahidi. Sasa wewe miaka yote hii unasoma. Tufanyie na sisi utafiti."

Sitaficha kwamba nilifurahi. Chuoni nilikuwa nimejifunza neno sampuli, na nilikuwa sijapata mahali pa kulitumia. Nilimweleza mjomba kwamba hatuhitaji kupima nta yote. Tunachukua kipande hapa, kipande pale, kwa mpango, na vipande hivyo vinasema kwa niaba ya vingine. Mjomba alifikiri akasema, kama wazee wa baraza. Nikasema, kama wazee wa baraza, ila hawa hawadanganyi. Nilipenda sana maneno yangu siku zile.

Mjomba alianza kutengeneza sanduku la mninga lenye vyumba vidogo vya kuwekea vipande, na mimi nikaazima baiskeli. Nilianzia Itetemia, kwa shangazi yangu, dada yake baba, kwa sababu ukipita nyumbani kwa shangazi bila kuingia ni afadhali usiwe umezaliwa. Yeye ni Mkatoliki wa kufunga na kusali, na nta aliyoichuja ilikuwa ikienda kwa mapadre wa Kipalapala kwa ajili ya mishumaa ya altare. Nilimweleza kazi yangu. Alinisikiliza kwa makini hata nikaguswa.

"Kwa hiyo nta utakayokusanya itapelekwa kwa Wazungu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na watajua imetoka kwa nani?"

"Watajua kijiji."

"Basi," alisema, na hakuuliza tena. Alinipa kipande changu cha kwanza, nikarudi Gongoni kutengeneza baiskeli, na baada ya Jumapili nikaendelea zangu.

Nilifuata ile njia ya zamani ya misafara inayokwenda magharibi kuelekea Ujiji, nikiingia kijiji baada ya kijiji, na safari haikuwahi kuwa njema namna ile. Habari zilikuwa zimenitangulia. Kila nilipofika nilikuta kigoda kimeshatolewa na kuku ameshakamatwa. Tuliamkiana, "Mwangaluka", tukaulizana habari za watu wote tunaowafahamu na wachache tusiowafahamu, nikala, kisha nikaomba nta. Mwenyeji aliingia ndani akatoka na mkate wa nta umefungwa kwenye kitambaa safi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kila mmoja ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Niliunusa: asali tupu, hakuna moshi. Nilibandika jina la kijiji na neno "safi", kijiji kilichofuata tena "safi", mpaka neno lenyewe likaniishia ladha.

Kulikuwa na mambo ambayo mtu asiye na miwani angeyaona. Nyumba moja watoto waliukusanyikia mkate wa nta wakautazama kama watu wanaouona kwa mara ya kwanza. Nyumba nyingine mwenyeji alipoufungua alishangaa yeye mwenyewe, akasema, "Aisee!" Nilidhani ni fahari ya mkulima.

Nilirudi Gongoni mchana wa siku moja kabla ya mkutano. Sanduku lilikuwa tayari, lina bawaba za shaba na mfuniko unaofunga bila kelele. Mjomba aliufungua na kuufunga mara kadhaa ili niusikie jinsi usivyosikika. Tukaanza kupanga mikate kwenye vyumba vyake. Mmoja ulikataa kuingia, kwa hiyo niliugeuza nione pa kupunguza.

Upande wa chini kulikuwa na alama. Ilikuwa mstari ulioinuka kidogo, uliotawanyika mbele mara tatu kama unyayo wa kuku. Sikuifikiria. Nikachukua mkate wa kijiji kingine, nao nikaugeuza, kwa sababu nilitaka kulinganisha vipimo. Unyayo wa kuku. Nikachukua wa tatu. Halafu nikawa nageuza mikate yote haraka haraka kama mtu anayetafuta pete. Kuku alikuwa amepita juu ya nta yote ya njia ya Ujiji.

Nami nilimjua kuku yule. Nilikunywa uji kutoka kwake utotoni. Kuna bakuli kubwa jeupe la bati la shangazi, lilianguka siku ya harusi ya binti yake likapasuka rangi ya ndani, na ufa ule wenye matawi matatu ulinikaa machoni kila nilipomaliza uji na kulamba chini.

"Mjomba," nilisema. "Njoo uone."

Alikuja na penseli sikioni. Aliangalia, akagusa kwa kidole, akaangalia tena. Akakaa juu ya mbao.

Shangazi mwenyewe aliwasili alasiri hiyohiyo, na kikapu cha karanga kichwani, kwa sababu hakuwa tayari kukosa kumwona mtoto wa kaka yake akizungumza na Wazungu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umemeza sindano? Na wewe shemeji, nani kafa?"

"Bado," alisema mjomba. "Kesho."

Nilimwonyesha mkate uliogeuzwa. Uso wake ulifunguka kwa furaha. "Ah! Bakuli langu hilo."

"Na huu, wa kijiji cha pili?"

"Langu."

"Na huu wa kule ng'ambo ya mto?"

"Hao ni ndugu zake shemeji yangu huyu. Nta yao hata panya hawali. Wewe ulitaka ukaionyeshe ile kwa Wazungu, watu waseme ndiyo ukoo uliooana na sisi?"

Ikabidi aeleze, na alieleza bila haya hata kidogo. Jumapili baada ya misa alikuwa amewatangazia watu kwamba mwanawe anakuja kukusanya nta. Waliokuwa na nta chafu waliingiwa na aibu. Wakamfuata Itetemia, wengine kwa miguu mwendo wa kutwa nzima, kumwomba kipande cha kumpa mgeni. Yeye akawapa, maana ndiye mwenye kuchuja mara mbili kwa kitambaa na kumimina kwenye bakuli. Wengine walimwachia jogoo. Jogoo mmoja, ninaamini, nilikuja kumla mimi.

"Lakini shangazi, mimi nilitaka nta yao wenyewe. Jinsi ilivyo."

"Jinsi ilivyo!" Aligeuka kumtafuta shahidi, akampata mjomba. "Shemeji, hivi huko chuoni wanawafundisha nini? Mgeni haonyeshwi jinsi ilivyo. Mgeni hutandikiwa mkeka mpya. Akiondoka unakunjwa, watu wanakaa chini kama kawaida."

"Kesho atakuja mtu atakayeangalia chini ya mkeka," alisema mjomba.

Nadhani hapo ndipo shangazi alipoona hasa hatari ilipo, kwa sababu alishusha sauti. "Kwani lazima aone? Wewe una randa. Pitisha mara moja tu, alama inaondoka. Ninyi Wamoravia mnaimba vizuri, lakini akili ya haraka hamna."

Mjomba alichukua randa. Alibana mkate mmoja mezani na kuusukuma, na uzi mwembamba wa manjano ukajikunja juu ya chuma, ukanukia karakana nzima. Unyayo wa kuku ukapotea. Ilikuwa rahisi hata ikanitisha. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nami, msomi wa sampuli, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani ni mikate mingapi ingekuwa tayari kabla ya jua kuzama.

Mjomba alisimamisha randa. "Na wakisema sawa?"

"Wakisema sawa tumeshinda," nilimjibu.

"Wakisema sawa, daraja la kwanza, kisha wakaja ghalani kupakia?"

Ghala lilikuwa nyuma ya maduka, hatua chache tu kutoka tulipokaa, limejaa magunia ya watu waliomwamini.

"Wakikuta yaliyomo siyo haya," aliendelea, "hawatasema nta ni chafu. Watasema Wanyamwezi ni wezi. Nta chafu unaweza kuichuja."

Kwa hiyo tulifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzoni badala ya kupanda baiskeli. Tulikwenda ghalani. Niliwaeleza kwamba tuchukue vipande bila kuchagua, na papo hapo nikaogopa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unajielekeza kwenye magunia mazuri kabla sijauamrisha. Nikapendekeza mchukuaji afungwe macho. Mjomba akafungwa macho kwa kanga ya shangazi. Shangazi alitaka awe yeye, lakini tulikataa kwa pamoja. Hata akifungwa macho angeijua nta safi kwa vidole, na asingeweza kujizuia.

Basi mjomba, mwenyekiti wa warina asali, alizunguka ghalani kwake kama mtoto anayecheza kibe, akijigonga magoti, akichomoa kipande hapa na pale, na shangazi akimwongoza kwa matusi. "Kushoto, shemeji! Hilo ni zege, siyo gunia!" Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa natazama vinavyotoka. Vichache vilikuwa vya manjano. Vingi vilikuwa vya kahawia. Vingine vilikuwa vyeusi kama lami, vina miguu ya nyuki na majani, na kimoja kilikuwa na kipande kizima cha gome la mzinga. Tulivirudisha karakana, tukavitandaza mezani, na mjomba alipofunguliwa macho alivigeuza kimoja kimoja.

"Kumbe karatasi yao haikusema uongo," alisema mwishowe.

Nililipuka. Nilimwuliza shangazi kwa nini watu hawachuji kama yeye, wana kitambaa, wana maji, wana kuni, ni uvivu gani huu. Nilitumia neno uvivu. Siku zile lilikuwa kinywani mwa kila aliyesoma.

"Uvivu wa nani?" alifoka. "Mapadre wananilipa kwa usafi. Pale ghalani wanalipa kwa nini? Kwa mzani. Mzani haunusi, mwanangu."

"Na uchafu nao una uzito," alisema mjomba polepole.

Mtu aliyechuja nta yake mara mbili alikuja ghalani na mkate mdogo akalipwa kidogo. Aliyeacha miguu ya nyuki, majani na gome alikuja na mkate mzito akalipwa vizuri. Bei ilikuwa moja tangu enzi za madukani, na mjomba katika shughuli zake zote za kuunganisha watu alikuwa ameirithi bila kuiuliza. Mimi nilikuwa nimeyasoma mambo ya namna hiyo chuoni, kwa mchoro wa mistari miwili inayokatana, na nikafaulu mtihani. Sikuwahi kudhani kwamba mistari ile ina harufu.

Ugali wa jioni ule sikuuweza. Mjomba naye alitafuna tonge moja kama anayetafuna ubao. Tulikuwa tumekubaliana la kufanya, lakini kukubaliana ni kitu kimoja na kuingia bomani nacho ni kingine. Tungekwenda kwa mnunuzi na ushahidi dhidi yetu wenyewe, ndani ya sanduku zuri la mninga.

Asubuhi mnunuzi alikuwepo kabla yetu. Alikuwa Mwingereza mkubwa wa mwili, mwenye adabu, anayetoka jasho na kuomba radhi kwa jasho lake. Bwana Shauri alikaa katikati akipambana na mafua. Mkalimani wa boma alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikaambiwa nitafsiri mimi, na hapo nikapata hofu mpya ambayo sikuwa nimeipanga. Watu walijaa barazani, na kichwa cha shangazi kilikuwa cha kwanza dirishani.

Mnunuzi aliweka mezani karatasi yake, nene, yenye michoro. Mjomba akaweka sanduku lake na kulifungua. Hata mnunuzi alitazama bawaba. Ndani, safu ya juu ilikuwa mikate ya shangazi, yote imegeuzwa chini juu, unyayo wa kuku ukionekana wazi, isipokuwa mmoja uliopigwa randa. Safu ya chini vilikuwa vipande vya ghalani.

"Mwambie," alisema mjomba, "hii ya juu ni nta tunayompa mgeni. Ya chini ni nta tunayompa mnunuzi."

Nilitafsiri. Mnunuzi aliinama, akanusa safu ya juu, akanusa ya chini, kisha akatabasamu. Akasema katika miaka yake yote ya biashara hajaona watu wanaoleta ushahidi wa upande wa pili. Basi tumekubaliana, akasema, tusipoteze muda wa Bwana Shauri.

Barazani watu wakanong'ona. Nami, kwa woga zaidi kuliko ujasiri, niliuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu nigeuze ule mkate wa kwanza. Nilimwuliza nta waliyoipima wataalamu wao ilitoka gunia gani. Alifungua karatasi zake mbele, akazifungua nyuma. Ilikuwa nta kutoka ghala la bandarini, alisema. Ya Tabora? Ya bandarini. Hakukuwa na mahali palipoandikwa inatoka wapi. Bwana Shauri aliondoa leso puani akainua kichwa.

Hapo moyo wangu ulitulia kwa muda wa pumzi moja, ya pili haikufika. Mnunuzi hakuwa mjinga. Aliweka karatasi chini, akanyoosha kidole kwenye vipande vyeusi, akasema kwa upole kabisa, "Gunia letu huenda halikuwa lenu. Lakini hizi ni zenu."

Nilitamani kutafsiri kitu kingine. Nilikuwa nacho tayari mdomoni. Nilimtazama mjomba, koti lake limebana kwapani, nikatafsiri kama lilivyosemwa.

"Mwambie ndiyo, ni zetu," alisema mjomba. "Mwulize hii ya juu angeinunua kwa bei ya daraja gani."

"La kwanza, bila shaka. Kama ingekuwepo."

"Na hii nyeusi?"

"La pili."

"Basi ana bei mbili. Mbona anataka kutununua wote kwa moja? Mtu akichuja apate ya pili, asipochuja apate ya pili. Nani atachuja? Hata mimi nisingechuja."

Mnunuzi alijibu kwamba kampuni yake haina mtu wa kukaa Tabora kuchambua nta kipande kwa kipande.

"Nipo mimi!" ilisikika sauti dirishani.

Baraza lote likaangua kicheko. Bwana Shauri akataka kujua mama yule anasema nini, nikamtafsiria, naye akacheka hadi mafua yakamrudia. Sijui kama kicheko ndicho kilichotusaidia au mafua. Alitaka kwenda kulala. Aliamua kwamba msimu ule ghala la Gongoni liwe na bei mbili, safi na chafu, na nta ichambuliwe hapohapo kabla ya kupakiwa. Msimu ukiisha, ikiwa nyeusi bado ni nyingi kuliko ya manjano, Tabora yote itakuwa daraja la pili na hataki kusikia shauri hilo tena. Mnunuzi alikubali. Alimpa mjomba mkono, akauliza sanduku linauzwa bei gani.

Nje watu walishangilia. Mjomba hakushangilia. "Badala ya kuogopa leo," aliniambia, "nimepewa kuogopa mwaka mzima."

Nilirudi chuoni, na mwaka ule nilisoma vibaya. Kila mvua ilipochelewa niliwaza maua ya miombo, na kila nilipowaza maua niliwaza nyuki, kisha masega, kisha sufuria za watu wa njia ya Ujiji, kama wanachuja au hawachuji. Sikuwa na namna ya kujua, na nilijitambua kuwa mtu ambaye hataki tena kuambiwa, anataka aone.

Likizo ilipofika nilivuka ziwa hadi Mwanza nikapanda treni. Mjomba alikuwa stesheni ya Tabora. Nilimsoma uso kutoka dirishani nisiambulie kitu. Kwetu habari haiingii kabla ya salamu, na salamu za mtu aliyetoka mbali ni ndefu. Tukaanza. Habari za safari, za ziwa, za masomo, za walimu, za chakula cha huko. Nami nikauliza za nyumbani, za wagonjwa, za waliozaa, za karakana, hata za baiskeli. Tulikuwa tumeshavuka reli ndipo nilipoweza kusema, "Na nta?"

"Nta," alisema, akahamisha mzigo wangu bega jingine. "Nyeusi imebaki ya kupaka mizinga ivute nyuki tu. Magunia yote yamekwenda daraja la kwanza." Kisha akacheka, na ndipo nikaona kwamba alikuwa amenenepa na koti halifungi kabisa.

Siku iliyofuata nilikwenda Itetemia. Uani kwa shangazi kulikuwa na vitambaa vya kuchujia vimeanikwa kama nguo za shule, na nyumba za jirani vilevile. Alikuwa ameajiriwa ghalani siku za kuchambua; wakulima walimwita Bwana Nusa, naye alijifanya hapendi. Alinikaribisha kigoda, akaniletea karanga, akanieleza yote mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeanza kustarehe.

"Halafu wiki hii tulipata mgeni," alisema. "Mtaalamu. Ana miwani kama yako, ila yake ya kweli. Anapita vijijini na motokaa anaomba nta kidogo kidogo. Anataka kuiandikia serikali nta ya Tabora ikoje."

Nilirudisha karanga kwenye sahani. "Ulimpa ipi?"

"Ipi tena? Nzuri ina bei siku hizi, mwanangu. Nilimkwangulia ya chini ya sufuria, nikamtilia kwenye bakuli ipate umbo."

"Na wengine? Huko njiani?"

"Walikuja kuniuliza wampe ipi. Nikawagawia."

Niliuliza amekwenda upande gani. Shangazi alinyoosha mkono magharibi, akaniuliza kama nitaondoka bila kula. Baiskeli ya jirani ilikuwa imeegemea ukuta.

Nilimkuta jioni kijiji cha tatu, anafunga vitu vyake kwenye motokaa, kijana mpole mwenye kuchoka kwa kukarimiwa. Aliniambia amefanya kazi nzuri, ingawa matokeo yanasikitisha. Akafungua boksi anionyeshe. Mikate ilikuwa imepangwa kwa vijiji, yote myeusi.

Nikamwomba ruhusa nigeuze mmoja.